Symphorien Bauma, Aliyeusikia Mlima wa Luhinzi (1964–2022)

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemsindikiza leo ni Papa Symphorien Bauma. Alizaliwa tarehe 3 mwezi wa tatu 1964, hapa hapa Mushaki, mtoto wa tatu wa Papa Paul na Mama Godelieve, wakulima wa maharagi.

Alisoma shule ya msingi Mushaki, kisha masomo ya kilimo, akapata diploma yake mwaka 1984. Mwalimu mmoja aliwafundisha kupima mvua kwa kopo la maziwa na rula. Wenzake walitupa makopo yao mtihani ulipokwisha. Yeye alipima mpaka mwaka huu.

Mwaka 1986 aliajiriwa kuwa agronomu, bwana shamba wa teritware, yaani wilaya. Alifanya kazi Nyamitaba, halafu Kalembe kwa miaka kumi na moja, na watu wa Walikale walimzoea kama mtu wa kwao.

Tarehe 12 mwezi wa kumi 1991 alifunga ndoa na Mama Adelaïde Niyigena. Siku ile mvua ilinyesha wageni wakiwa mezani. Bwana arusi akatoweka. Walimkuta nyuma ya nyumba, suti imelowa, akisoma kopo. Mama Adelaïde aliwaambia wakwe zake, “Mumenipa muntu ya mvua,” na wote wakacheka. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 2019 teritware za Masisi na Walikale ziliombwa kuandika pamoja mkakati wa kukabili mabadiliko ya tabianchi, kwa kuwa mito ya milimani ndiyo hiyo hiyo inayoingia msituni. Papa Symphorien alikuwa mwandishi, chini ya mkuu wa kazi hiyo, Papa Bienvenu, ambaye yuko nasi leo na ameturuhusu kusimulia yafuatayo. Wengine walitaka kuandika wakiwa ofisini, kwa kutumia ripoti za zamani. Yeye alichukua daftari zake za mvua akaenda kwa miguu, kijiji kwa kijiji, akiuliza: mvua inaanza lini siku hizi? Chemchemi gani imekauka?

Mwezi wa tatu 2021 alifika Luhinzi, kijiji cha nyumba arobaini na moja juu ya barabara ya Kalembe. Aliona kwanza kwamba bondeni hakuna chura anayelia, ingawa mvua zilikuwa nyingi. Mjane mmoja, Mama Elodie, alimshika mkono.

“Papa, mulango yangu ilifunga muzuri miaka makumi mbili. Tangu Noeli haifunge tena. Ya jirani, vile vile. Nani njo anasukuma manyumba yetu?”

Papa Symphorien alilala kifudifudi ndani ya nyumba ile, sikio kwenye udongo.

“Iko napumua, eeh?” mama akauliza.

Yeye aliinuka, akaandika katika daftari. Baadaye alimwambia Mama Adelaïde kwamba ilikuwa kama kumsikia mtu aliyelala chumba cha pili, katika nyumba unayojua haina chumba cha pili.

Katika ukurasa wa kwanza wa mkakati aliandika sentensi moja: Mlima wa Luhinzi unapumua, watu wahamishwe kabla mvua hazijaisha. Papa Bienvenu alimwita.

“Mulima haipumuake, Papa Symphorien. Wakubwa watatucheka. Toa ile fraze.”

“Nitaitoa siku bale bantu watakuwa wametoka.”

Hakungoja sahihi ya mtu. Alizungumza na mchungaji na chifu wa pale, wakapata kiwanja ng'ambo ya kijito. Mwisho wa mwezi wa nne, watu wote walikuwa wamehama. Ndipo mvua ikakatika. Jua likawaka siku sita, mlima ukakaa kimya, na watu wakaanza kumnung'unikia kwamba amewaachisha mashamba bure. Tarehe 6 mwezi wa tano, siku ya Alhamisi, walifunga mizigo ili warudi.

“Munipe saa moja tu,” aliwaomba. “Niingie mimi kwanza.”

Saa tatu asubuhi alipanda peke yake. Milango yote waliyoifunga kwa kamba ilikuwa wazi. Mbele ya kanisa ilining'inia jante ya lori, chuma cha gurudumu, ndiyo kengele yao. Ilikuwa inatetemeka na kulia taratibu, na upepo haukuwepo. Aliishika kwa mikono miwili ili inyamaze. Jante ikanyamaza. Sauti haikunyamaza.

Alishuka bila kukimbia na bila kugeuka. Alipofika kwenye kijito alikuta mawe matupu; maji yalikuwa yamekatika. Alipokanyaga tu ng'ambo, watu waliona Luhinzi inaondoka. Nyumba zilishuka zimesimama, mabati juu, moja nyuma ya nyingine, kama watu waendao misa. Hakufa mtu hata mmoja.

Juma lililofuata alirudi ofisini. “Sasa naweza kuitoa ile fraze.” Papa Bienvenu akakataa, na mkakati ulitiwa sahihi nayo ikiwemo.

Mwezi wa sita mwaka huu alishikwa na ugonjwa wa moyo. Hospitalini aliomba kitanda chake kisogezwe mbali na ukuta. Alimwambia mke wake, “Adelaïde, ile sauti haikubakia Luhinzi.” Kisha akamwita binti yake Carmel achukue kalamu, akamtajia majina ya milima mitatu. Aliaga dunia tarehe 14 mwezi wa kumi na moja 2022, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Mama Adelaïde. Watoto wake Carmel, Prince na Jean-Luc. Mjukuu mmoja, Shekinah. Na familia arobaini na moja za Luhinzi, ambazo zimeomba nazo zihesabiwe.

Ile milima mitatu hatutaitaja hapa, kwa kuwa wenyeji wake wako kati yetu na wametoka mbali kuja kulia nasi. Tunaomba tu kwamba, tukishamaliza kuzika, mtu asirudi nyumbani kabla Papa Bienvenu hajasema naye.

Papa Symphorien, udongo wa Mushaki ukupokee kwa upole, na ukae kimya juu yako. Pumzika katika amani ya Bwana.