Dada Yetu, Profesa wa Anatomia Aliyeomba Azikwe

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953, katika nyumba ya walimu nyuma ya shule ya msingi, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Mimi ninayesoma haya ndiye ninayemfuata.

Alisoma shule hiyohiyo, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1973 akaingia kitivo cha tiba cha chuo kikuu, kilichokuwa kikongwe hata wakati ule. Dalili zilionekana mapema. Siku moja, akiwa bado mtoto, alitumwa kukata kuku wa wageni. Mama alipoingia jikoni alimkuta amepanga viungo vyote kwenye sinia, kila kimoja mahali pake. "Mwanangu, wageni wamekuja kumla huyu kuku au kumsoma?"

Mwaka 1980 aliajiriwa kitivoni kufundisha anatomia, na 1996 akawa mkuu wa idara. Mwanafunzi mpya hakushika kisu kabla ya kumwamkia maiti: "Shikamoo, mwalimu." Mmoja aliwahi kuuliza, "Profesa, na akiitika je?" Akajibiwa, "Kimbia, lakini kwanza mshukuru." Mwaka 2001 yeye na wenzake watatu wa idara waliahidiana kwamba wakifa, miili yao iende kwenye chumba cha kupasulia maiti ikafundishe. Sisi nyumbani tulikubali shingo upande.

Aliolewa mwaka 1982 na fundi wa mitambo ya hospitali, aliyependa kusema, "Nimeoa mke mwenye mume mwingine, na mume huyo ni kitivo." Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2014 wanafunzi kumi na mmoja walifeli anatomia. Mkuu wa kitivo alitaka wapitishwe, maana baadhi yao walikuwa watoto wa wakubwa. Marehemu alikataa, akasema watakuja kumkata mtu asiye na kosa. Wenzake wale watatu walikuja ofisini kwake, wakanywa chai, wakamwambia, "Dada, usitie shaka. Kesho tunanyoosha mikono pamoja." Kesho yake, kwenye baraza la kitivo, mkuu aliuliza nani anapinga. Ulinyooshwa mkono mmoja tu.

Kati ya watatu hao alikuwamo mmoja ambaye marehemu mwenyewe alimfundisha tangu mwaka wa kwanza, na watoto wa marehemu walimwita mjomba, kama wanavyoniita mimi. Mwezi uliofuata ndiye aliyepewa idara. Marehemu alirudi nyumbani na sanduku la vitabu, akasema, "Niligeuka kuwatazama. Wote walikuwa wanaitazama meza."

Februari 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Madaktari vijana, wengi wao wanafunzi wake, walimtunza vizuri, na familia inawashukuru. Mwezi Mei "mjomba" yule alikuja wodini, nami nikiwepo. Aliuliza hali, akakohoa kidogo, halafu akasema, "Dada, ile ahadi yetu ya mwili iko palepale?"

"Ahadi zetu zilikuwa mbili, mdogo wangu. Wewe ndiye uliyeanza kuvunja."

Alipotoka, marehemu alinigeukia. "Nizikeni. Sitaki kulala mbele yao nikiwa siwezi hata kunyoosha mkono."

Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Juni 2022, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, nasi wadogo zake watatu. Kitivo kiliomba nafasi ya kusema machache leo. Familia imekataa. Wanafunzi wake wote wanakaribishwa kuweka udongo.

Apumzike kwa amani, hapa alipopachagua mwenyewe.