Kamera Mbili za Yaya Jeannot

JEANNOT: Alo? Alo! Nani iko ku laini? Sema na nguvu, niko ku parking, kelele iko mingi!

NONO: (kwa sauti nene ya mama tajiri, sauti ileile ya kuiga ambayo siku moja, huko shuleni kwa masista, ilitoa bweni zima nje na mablanketi yao) Yambo sana, Monsieur. Ninaongea na Photo Jeannot mwenyewe, ao na mutumishi wake?

JEANNOT: Ni Jeannot mwenyewe. Yambo, Mama. Muko muzima?

NONO: Muzima, kwa neema ya Bwana. Mimi ni Madame Kavugho. Kavugho wa sukari na mbao, tulitoka Butembo, sasa tunaikala hapa Lubumbashi, upande wa Karavia. Bwana yangu iko na malori. Ngapi, sitasema. Kuhesabu ni majivuno, na majivuno ni zambi.

JEANNOT: (anacheka) Karibu, Madame, karibu. Nikusaidie nini?

NONO: Binti yangu Abigaëlle anaolewa. Nimesikia unauzisha kamera mbili.

JEANNOT: Ndiyo, njo vile. Tangu maandamano, mariage hakuna. Bantu banaogopa hata kukusanyika mbele ya keki. Nauzisha zote mbili, ao moja, vile utapenda. Lakini haraka, Madame. Gari inatoka sasa. Kama unatuma muntu na moto, na pikipiki—

NONO: Gari ya wapi?

JEANNOT: Ya Kasenga.

NONO: Unaenda kuvua samaki?

JEANNOT: Hapana. Nitavuka Luapula, niingie Zambia. Hapa mambo imeharibika.

NONO: Unakimbia.

JEANNOT: Ninasafiri, Madame.

NONO: Ah. Unasafiri. (Kwa sauti ya mama anayepanga mkufu wake shingoni.) Basi nielezee hizo kamera. Na polepole. Mimi nasoma Biblia na bei ya sukari tu.

JEANNOT: Sawa. Ya kwanza ni ndogo, ya mufuko. Haina taabu. Unaangalia ku ekrani kule nyuma, unafinya, imekwisha. Kila kintu inatoka wazi: bibi-arusi, keki, mutoto yenye analia kule mwisho, imbwa yenye inapita—

NONO: Hata imbwa?

JEANNOT: Hata imbwa.

NONO: Imbwa hatukuialika.

JEANNOT: (anacheka) Kamera ndogo haiulizi, Madame. Inaokota tu. Unarudi nyumbani, unakuta bantu mu foto yenye haukuwaona na macho.

NONO: Kumbe. Kwa hiyo muntu anaweza kukamata sura ya mwenzake bila kutaka?

JEANNOT: Na kamera ndogo? Kila siku.

NONO: Na ile ya pili?

JEANNOT: Aa! Ile sasa! (sauti yake inavaa koti na tai) Ile njo kamera. Inafanana na zile za zamani, nzito, ya chuma. Lakini ndani ni ya kisasa, haina filimu. Hauangalie ku ekrani. Unatia jicho ku kadirisha kadogo, kako pembeni. Pale katikati unaona muntu mara mbili.

NONO: Mara mbili? Yesu! Ni bulozi? Ni uchawi?

JEANNOT: Si bulozi. Ni kama kivuli chake kimeteleza pembeni kidogo. Sasa unashika pete ya lenzi, unazungusha polepole, polepole, mpaka bale babili banakuwa mumoja. Pale njo unapiga. Haina kelele, haina flashi. Sura inatoka wazi sana, unaona ndevu moja moja. Na bengine bote bale ba nyuma banayeyuka. Banabakia moshi.

NONO: (sauti ya sukari na mbao inatetemeka kidogo, kisha inasimama wima) Na hiyo, inaweza kuokota imbwa?

JEANNOT: Haiwezekani. Ndogo inaokota, kubwa inachagua. Na ile kamera, Madame, lazima umutake muntu. Alo? Madame? Reseau inakata?

NONO: Niko. Nisaidie kintu kimoja. Kuna foto moja nimeiona leo. Banasema ilipigwa na kamera ndogo. Mimi sitaki muntu anidanganye.

JEANNOT: Iko namna gani?

NONO: Ni kijana. Sura wazi, ndevu ndio zinaanza kuota, unaziona zote. Nyuma yake kuna bantu wengi, lakini—

JEANNOT: Moshi?

NONO: Moshi.

JEANNOT: Na tarehe? Zile ndogo zinaandikaka tarehe ya rangi ya machungwa, chini ku kona.

NONO: Hakuna tarehe.

JEANNOT: Basi banakudanganya, Madame. Ile ni ya kamera ya pete.

NONO: Unaapa?

JEANNOT: Naapa! Na hapa mu Lubumbashi, sijui mupiga foto mwengine mwenye iko nayo. Kama ni hapa—

NONO: Ongeza hii. Kijana ameshika megafoni mu mukono ya kushoto. Shati ni ya kijani. Kifungo cha juu kinaning'inia.

(Laini inakwaruza. Mbali, mpiga debe anaita: «Kasenga! Kasenga! Bado mumoja!»)

JEANNOT: ...Nani huyu?

NONO: (kwa sauti yake mwenyewe, ya mtoto wa shule) Kile kifungo nilishona mimi, yaya Jeannot. Nilishona vibaya.

JEANNOT: Nono.

NONO: Madame Kavugho anakuaga. Amepata neema, amerudi Karavia.

JEANNOT: Nono, sikiliza—

NONO: Avocat, wakili wetu, alikuya nyumbani leo. Alituonyesha ile foto. Ile yenye balikuya nayo mu mikono siku ya kumukamata Lucien, kaka yangu wa damu. Balikuwa banaiangalia, banaangalia yaya yangu, banaiangalia tena. Kama bantu ba sokoni na kuku.

JEANNOT: Nono, ile siku kila muntu alikuwa na kamera, na simu—

NONO: Ulituambia ni kakamera kangu.

JEANNOT: Nilisema labda—

NONO: Haukusema labda. Kakamera kangu balininyang'anya ku barrière ya polisi, siku ileile ya maandamano, njo kweli. Na wewe ukakuya, ukaikala ku kiti ya Lucien, ukasema: «Mama, sura yake baliitoa mule.»

JEANNOT: Labda balikata ile kona ya tarehe.

NONO: Na moshi? Balipaka moshi na burashi? Kakamera kangu hakajui moshi, yaya. Kangeonyesha bantu bote, na miti, na polisi, na imbwa. Na chini kangeandika mwaka elfu mbili, juu ya kuwa hakuna muntu anajua kukarekebisha. Hata yule fundi wa saa alishindwa. Foto zangu zote ni za mwaka elfu mbili. Ile ya ubatizo wa mutoto wa Mado wa jirani, mwaka elfu mbili. Mwaka ule Mado mwenyewe alikuwa mu darasa la pili!

JEANNOT: (chini chini) Unapiga na simu ya nani?

NONO: Ya Mama Mado, jirani. Unite za simu ni zake, na ataniua. Usibadilishe habari.

JEANNOT: Nono, mudogo wangu—

NONO: Unajua Mama haniite tena jina? Ananiita «ule». «Ule alete maji.» «Ule asifunge mulango kwa nguvu.» Nilisali novena, siku tisa, juu ya kidole changu, yaya Jeannot. Hiki cha kufinyia kamera. Nikamaliza, nikaanza nyingine. Mungu alikuwa ananiangalia tu, anauliza malaika: huyu mutoto analia juu ya nini?

JEANNOT: Nisamehe.

NONO: Juu ya nini? Sema kwanza juu ya nini.

(«Kasenga! Tunaenda! Nani hajapanda?»)

JEANNOT: Balikuya ku studio. Bale ba usalama, ba miwani nyeusi. Balifunga mulango kwa ndani. Bakasema: tunajua ulikuwa kule, tupe sura moja. Moja tu. Usipotoa, tunakubeba wewe na mashini zako.

NONO: Na ulikuwa na sura ngapi mule mu kamera?

JEANNOT: Mingi.

NONO: Na kila moja uliitaka. Ulizungusha pete.

JEANNOT: ...Ndiyo.

NONO: Basi juu ya nini Lucien, rafiki yako? Mumekula sahani moja tangu muko badogo. Suruali yako ya komunyo ya kwanza ilikuwa yake!

JEANNOT: Bengine baliko na bibi, na batoto... (laini inakwaruza) ...bengine siwajui vizuri, bangeniua. Na Lucien—

NONO: Lucien nini?

JEANNOT: Nilifikiri...

NONO: Lucien nini, yaya?

JEANNOT: Yeye njo angenisamehe.

(Hata mpiga debe wa Kasenga amenyamaza, kama vile naye aliwahi kula sahani moja na mtu.)

NONO: Rudilia.

JEANNOT: Mu bale bote, ni yeye tu angenisamehe. Nilimuchagua juu ya ile.

NONO: Hapo sina sauti ya kuiga.

JEANNOT: Usimwambie Mama. Nono, nakuomba. Nikifika ng'ambo nitaandika mimi mwenyewe. Mama asijue leo.

NONO: Sitamwambia.

JEANNOT: Apa.

NONO: Naapa kwa kidole changu. Mimi sitamwambia hata neno.

JEANNOT: Aksanti. Aksanti, mudogo wangu.

NONO: Simu iko ku haut-parleur, sauti inatoka nje.

JEANNOT: ...Nini?

MAMA: Jeannot. Jeannot, niko hapa. Tangu habari ya sukari na mbao.

JEANNOT: Mama...

MAMA: Uliniambia ukiwa unakula. Samaki yangu iko mu kinywa chako, unasema: «Mama, usimupige Nono. Ni mutoto, hakujua.» Mimi nikakuongezea kipande cha mukia. Nikasema, angalia huyu, ana roho.

JEANNOT: Mama, ningefanya nini? Balifunga mulango.

MAMA: Ule mulango, sikuko. Siwezi kusema. Lakini mulango yangu mimi ulikuwa wazi. Uliingia, ukanyoosha kidole kwa Nono, mutoto wangu wa pili, ukanawa mikono, ukakula.

JEANNOT: (analia, au ni laini) ...

MAMA: Ile foto. Avocat alipoitoa, mimi niligeuza uso. Na sasa ameirudisha mu dossier yake. Lucien anafanya nini mule?

JEANNOT: Anacheka, Mama.

MAMA: Anacheka?

JEANNOT: Nilimwita jina. Akageuka, akaona ni mimi, akacheka.

MAMA: Hapa nyumbani sina foto ya Lucien yenye anacheka. Ile ya karata, kitambulisho cha shule, amekasirika kama anadai muntu.

JEANNOT: Ni foto nzuri kuliko zote nilipiga, Mama. Nasema kweli.

MAMA: Basi niletee.

JEANNOT: Mama—

MAMA: Iko mule mu kamera, ama hapana?

JEANNOT: Iko.

MAMA: Niletee. Usitume muntu. Wewe, na miguu yako, kwa mulango wa mbele, Mado na bote ba avenue bakuone. Kisha utaenda na sisi kwa avocat, umwambie vile umeniambia sasa: nani alikuya, balitaka nini, balifunga nini. Bila ile, mutoto wangu atabakia kule mu gereza, na hakuna muntu atasema alikamatwa namna gani.

JEANNOT: Bakijua nimesema, batanibeba mimi.

MAMA: Ndiyo. Labda.

JEANNOT: Gari inatoka, Mama.

MAMA: Naisikia.

(Honi. Mlango wa chuma unagongwa: «Photo! Unapanda, haupande?»)

NONO: Yaya Jeannot, unite zinakwisha. Sema kintu.

JEANNOT: Lucien... kule ndani, anakula?

MAMA: Kuya hapa, uulize pamoja na mimi.

JEANNOT: (mbali na simu, kwa sauti kubwa) Chauffeur! Eh, chauffeur! Sanduku yangu! Ile ya kamera, kule nyuma, uni—

(Tii. Tii. Tii.)

NONO: Alo? Yaya Jeannot? Alo! ...Unite zimekwisha, Mama. Amesema sanduku ishuke, ao ifungwe muzuri?

MAMA: Sikusikia.

NONO: Mimi pia.

MAMA: Nono.

NONO: ...Mama?

MAMA: Ongeza unga ku bukari, ugali hautoshi.

NONO: Wa nani, Mama? Lucien haiko. Na ule mwengine, hata hatujui kama—

MAMA: Nono, mwanangu. Ongeza tu.