Mstari Mwekundu wa Bi Penseli

Risala ya wafanyakazi wa Kitengo cha Ruzuku za Viwanja vya Mapumziko na Hifadhi ya Ardhi kwa Mkurugenzi Mkuu, siku ya kuweka jiwe la msingi la ofisi mpya

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu. Viongozi mlioongozana naye. Majirani mliopanda kilima kuja kutusikiliza. Mabibi na mabwana:

Karibu sana, na pole kwa ngazi. Ziko mia moja na kumi na mbili, na hatujamwona bado mtu aliyefika huku juu akaanza hotuba papo hapo. Kwa hiyo sisi tutasoma polepole, nawe uvute pumzi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na wenyeji wako leo hatujambo kidogo tu.

KITENGO CHETU

Tuko saba, pamoja na dereva. Tunakaa chumba kimoja nyuma ya jengo la idara, chenye dirisha lisilofungika. Mvua ikianza, kabla ya jambo lolote tunasogeza kabati la mafaili.

Kazi yetu haina makuu. Serikali hutoa ruzuku ili watu wapate mahali pa kutembea, kucheza na kupunga upepo, na ardhi nayo ipumzike. Sisi tunapokea maombi, tunakagua, tunatunza mafaili. Kila faili lina ramani, na kila ramani ina mstari mwekundu. Kilicho ndani ya mstari ni cha watu wote, leo, kesho na mtondogoo. Anayetaka kukimega sharti kwanza atoe ardhi nyingine yenye thamani ile ile, itakayowafaa watu wale wale.

Kila mwaka mvua zikiisha tunatoka sote na ramani mkononi, tunauzunguka kila uwanja kwa miguu na kugusa kila kigingi cha mpaka kwa kiganja. Hiyo ndiyo desturi yetu. Kigingi ulichokiona kwa mbali tu, hujakikagua. Tukimaliza, sote tunatia saini taarifa.

BI PENSELI

Mheshimiwa, yule mama aliyekupokea pale chini, mwenye miwani iliyofungwa uzi, ana jina lake kwenye faili la utumishi. Sisi tunamwita Bi Penseli.

Aliajiriwa miaka kumi na minane iliyopita. Wiki yake ya tatu kazini, mkuu wa kitengo wa wakati ule alimpa penseli nyekundu na ramani ya kilima hiki, akamwambia achore mstari wa mradi. Ruzuku ilikuwa ya ngazi na mabenchi sita, basi. Alitakiwa azungushie hizo ngazi na hayo mabenchi, lakini hakuna aliyemweleza, naye mgeni wa kazi aliona haya kuuliza. Akavaa raba zake, akaja akakizunguka kilima kizima kutwa nzima, akarudi ana tope mpaka magotini, akachora kote alikopita. Mkuu alitia saini huku akitafuta miwani yake, iliyokuwa kichwani. Ramani ikaenda juu, ikapigwa mhuri, ikarudi.

Mwaka uliofuata tukaja kugusa vigingi, ramani ikatupeleka mpaka bondeni. Tulicheka mbavu hatuna. Tangu siku hiyo kilima kikawa shamba la Bi Penseli, na mtu akichelewa kazini tunamuuliza kama amepitia shambani. Naye alicheka nasi. Kwamba siku ile alijifungia stoo akalia, hilo tulikuja kulijua baadaye sana, na linatuuma mpaka leo.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu makubwa hapa ni kwamba kwa miaka kumi na minane hatujafanya kitu. Usicheke, Mheshimiwa, si kazi ndogo. Alikuja mwenye hoteli tukamkatalia, akaja mwenye karakana tukamkatalia, akaja mtu aliyetaka kuchimba mchanga, yeye mpaka leo hatusalimii.

Kwa kuachwa tu, miti imerudi yenyewe, na chemchemi ya bondeni iliyokuwa imekauka inatiririka. Asubuhi wapo wanaokimbia. Wapo waliotoka hospitali wanaojifunza kutembea upya, na wauguzi huwapimia ngazi: leo kumi, kesho kumi na mbili. Upande wa magharibi, kwenye tambarare, wanafunzi wanapiga mpira. Ndipo lilipo jiwe lako, pale chini ya kitambaa.

CHANGAMOTO

Changamoto ni sisi wenyewe. Miaka mitatu mfululizo tumewasomea wageni rasmi risala tukililia ofisi. Tulieleza dirisha, tukaeleza kabati. Wewe ndiwe uliyetusikia, na shukrani zetu zinatoka moyoni. Ila tuliomba ofisi bila kusema ikae wapi, na sisi ndio watu wa ramani! Wiki tatu zilizopita tukaletewa mchoro. Ofisi yetu imekaa kwenye tambarare ya magharibi, ndani ya mstari mwekundu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na sasa umetugeukia.

Mchoro ulikuja na barua, imeshachapwa, inayosema kwamba mstari wa kilima ulichorwa kwa makosa na aliyeuchora anathibitisha hivyo. Imeachwa nafasi ya saini ya Bi Penseli. Akisaini, magharibi yote inatoka kwenye ramani. Asiposaini, ameambiwa kwa sauti ya upole kwamba mwezi huu atahamishiwa kituo cha mbali. Amebakiza miezi miwili astaafu, na nyumbani ana mume mgonjwa ambaye kila adhuhuri humkimbilia kumgeuza kitandani.

Tunaungama mbele yako, Mheshimiwa: sisi ndio tuliomwambia asaini. Tulimwambia dada, si uongo, ulikosea kweli, weka saini umalize salama. Alifuta miwani yake kwa upindo wa kanga, akatujibu:

“Kukosea nilikosea, wala sijawahi kukana. Lakini watu wamelikalia kosa langu miaka kumi na minane. Nikilivuta leo, wataanguka wangapi?”

Kisha akachukua ramani akatoka kwenda kugusa vigingi, peke yake, na haukuwa msimu wa kukagua. 

MAOMBI

Ofisi tunairudisha. Dirisha tutalifunga waya, na kabati limeshatuzoea. Ukiona bado tunastahili, nyuma ya idara kuna kiwanja cha magari mabovu, kinatutosha.

Jiwe la msingi limeshachongwa jina lako na tarehe ya leo, na ni jiwe zuri. Mstari wa tatu, unaosema ni jiwe la nini, bado ni mtupu. Fundi wa mawe yuko hapa na patasi yake. Tulimsihi asubiri, kwa hiyo asilaumiwe yeye.

Barua ya Bi Penseli tumeiambatanisha hapa. Saini yake haimo. Nyuma ya barua zimo zetu sita, tukithibitisha kwamba kila mwaka tuliukagua mstari huo kwa mikono yetu na kuandika kuwa ni sahihi. Kama ni kosa, ni la sote saba. Tunaomba ama utuhamishe sote ama umwache amalize kazi yake hapa, arudi kwa mumewe kila adhuhuri.

Jambo la mwisho halimo kwenye nakala uliyopelekewa jana. Kila asubuhi hupanda hapa mama mmoja mtu mzima, na fimbo yake. Alianza mwaka juzi kwa ngazi tano, sasa anafika benchi la nne. Huketi kuwatazama wanafunzi wakicheza, anawajua kwa majina, na mpira ukileta ugomvi yeye ndiye mwamuzi. Hajawahi kututajia kwamba ana mtoto mwenye cheo kikubwa serikalini. Tulijua kwa dereva wetu, huyu anayesoma, maana madereva hawafichani kitu.

Jana aliona kitambaa, akauliza kuna nini. Bi Penseli akamweleza. Mama akasema:

“Nikimwambia mimi, atasema mama anaingilia kazi. Mwambieni nyinyi, kwa adabu.”

Tumekwambia, na tumejitahidi iwe kwa adabu. Yuko nyuma yako, benchi la nne. Fimbo ameiweka kulia, kushoto amekuachia nafasi.

Mungu akupe umri mrefu na magoti ya kuupandia, na aibariki kila ardhi iliyoachwa ipumue.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kitengo cha Ruzuku za Viwanja vya Mapumziko na Hifadhi ya Ardhi.

Imesomwa na dereva wa kitengo, kwa kuwa wengine wote walisema hawatafika mwisho bila kulia.