Mama Tusa Anakabidhi Ufunguo wa Kifaru

Kwa niaba ya wanafunzi: Ruwaida Mrisho, Kidato cha Tatu

Ijumaa, tarehe 31 Julai 2026, Bi. Tusajigwe Mwakyoma, dereva wa shule yetu hapa Igowole, Mufindi, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Sisi tunamwita Mama Tusa. Lori lake la kizamani lenye pua ndefu tunaliita Kifaru, kwa sababu likishaanza kupanda mlima halijui kurudi nyuma.

Mama Tusa alizaliwa Tukuyu. Udereva alijifunzia Mbeya mjini, enzi ambazo abiria wengine wakiona mwanamke kwenye usukani walikuwa wanashuka. Alipofika Mufindi hakuwa na koti la maana. Baridi ya hapa ilimshikisha adabu wiki ya kwanza tu, na tangu hapo hajawahi kumpita mtoto anayetetemeka.

Kazi yake imekuwa kutulisha. Mahindi, maharage na mchele wa Madibira vyote vimefika kwa mikono yake. Masika moja Kifaru alinasa kwenye tope la mashamba ya mpunga. Mama Tusa alivua viatu, akapunguza upepo wa matairi, akatoka. Jioni alishuka getini, tope hadi magotini, akauliza kama maji ya wali yameshachemka.

Mwaka huu alipata mtihani. Kuanzia Mei, Kifaru alianza kunywa dizeli kama ng'ombe wa Usangu waliofika mtoni. Safari zilikuwa zilezile na mzigo uleule, lakini tangi lilikauka mapema. Maneno yakaanza chini chini: Mama anauza mafuta, anajiongezea kiinua mgongo. Yalipomfikia, alimfuata Mwalimu Edmund, makamu mkuu wa shule, akasema mbele ya watu: "Mwalimu, msiniandalie sherehe. Siwezi kukata keki nikiwa na jina la mwizi."

Basi ukaanza msako. Fundi Abdul aliitwa kutoka Mafinga. Matairi yalikutwa na upepo mdogo: Mama Tusa alikuwa ameupunguza ili apite kwenye tope, na aliporudi kwenye lami hakuujaza, jambo ambalo madereva wengi wa njia ile husahau. Chujio la hewa lilikuwa limeziba kwa vumbi la pumba za mashine za mpunga za Madibira. Breki ya gurudumu moja la nyuma ilikuwa imeng'ang'ania, hata lori likawa linakwenda huku linajizuia lenyewe. Yote yakarekebishwa. Dizeli ikatulia kidogo, lakini bado ilikuwa inakwisha haraka. Fundi akabaki kukuna kichwa.

Jibu lilitoka jikoni. Asubuhi moja dada Yudith, mpishi wetu, aliwakuta wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wamemzunguka Kifaru, viganja juu ya boneti, na injini inaunguruma. "Mama Tusa wee!" akapaza sauti. "Kumbe wateja wangu umenichukulia wewe!"

Hapo ndipo wote walipoelewa. Zamani wanafunzi walikuwa wanaota moto kwenye mafiga ya Yudith kabla ya kuingia darasani. Aprili jiko likahamia kwenye gesi, kuni zikaondoka, na makaa yakaondoka nazo. Baridi ya Mei ilipoanza, watoto wakahamia kwa Kifaru. Mama Tusa naye akawa anawasha injini alfajiri na kuiacha mpaka kengele ilie, kila siku ya masomo.

"Lakini gari likisimama halinywi," alijitetea.

"Mama," Mwalimu Edmund akamjibu, "mbona mimi nimekaa hapa na bado nakula?"

Mama Tusa alicheka hadi akashika kiuno. Alisema maisha yake yote amepima dizeli kwa urefu wa barabara, hajawahi kuipima kwa muda ambao injini inawaka. Kisha akaomba ajaribiwe. Injini isiguswe asubuhi kwa wiki nzima, halafu aende Madibira kuchukua mchele, Mwalimu akiwa kiti cha pembeni. Yudith akaahidi kufungua bwalo alfajiri na kuwapa watoto uji wa moto.

Siku ya safari, tulisubiri uwanjani shule nzima. Kifaru aliingia getini amejaa magunia. Mwalimu Edmund alishuka, akatumbukiza kwenye tangi kijiti cha kupimia dizeli, akakitoa. Kilikuwa kimelowa juu kabisa ya alama ya dizeli inayobaki siku zote! Alikiinua kama kombe, na shule ikalipuka kwa vigelegele, hata wale waliokuwa wakinong'ona. Mama Tusa alipiga honi mpaka walimu wakaziba masikio, kisha akachungulia dirishani: "Haya sasa, leteni hiyo keki!"

Mama Tusa, ahsante kwa kila gunia, kwa kila mlima na kwa kila asubuhi. Unaondoka na jina jeupe. Mkuu wa shule ametoa ruhusa: Ijumaa, kabla ya mstari, utamwasha Kifaru na kumwacha aungurume palepale aliposimama, mpaka kila mwanafunzi aweke viganja vyake kwenye boneti. Dizeli hiyo hakuna atakayeiuliza. Nenda salama kwenye migomba yako Tukuyu, na maisha yakurudishie joto lote ulilotupa.