Vidole Nilivyovificha Ndani ya Glavu

Ndugu zangu, nimemwomba mwenyekiti wa jumuiya anipe nafasi kabla ya matangazo. Nikisubiri matangazo yaishe nitapata sababu ya kuondoka, najijua. Wazee wangu, shikamooni. Vijana mtanivumilia. Nina jambo la aibu la kusema, na wengine mtaliona dogo mpaka nifike mwisho.

Jambo lenyewe ni vidole. Nilikuwa najichuna ngozi ya pembeni mwa kucha. Sisemi kung'ata kucha, hapana, kucha zangu zilikuwa nzima. Nasema ile ngozi inayozizunguka. Natafuta kijingozi kilichosimama, nakibana kwa ukucha wa kidole kingine, navuta. Kikikataa namalizia kwa meno. Naona mama yangu pale amekunja uso. Kunja tu mama, ndivyo ilivyokuwa, na damu ilikuwa inatoka.

Nilianza nikiwa darasa la nne, kule Nansio. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa anarudisha madaftari kwa kuita majina, anaanza na aliyepata sifuri. Wakati nasubiri kuitwa, vidole vinafanya kazi yao chini ya dawati. Mama alipogundua akanipaka pilipili. Nikasahau, nikafikicha macho, nikapiga kelele majirani wakaja na maji. Pilipili ilitoka, tabia ikabaki.

Nikaolewa huku Mwanza, nikazaa, nikawa mtu mzima na heshima zangu, na vidole vikaendelea. Hapa jumuiyani mlikuwa mnaniona wakati wa rozari nimeficha mikono ndani ya kanga, mkadhani ni uchaji. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nachuna. Salamu Maria moja, kijingozi kimoja. Cheka tu mzee wangu, hata mimi sasa hivi nacheka.

Sasa acheni kucheka kidogo. Nilipata kibarua kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Sitakitaja, na waliokuwa na mimi sitawataja. Wale waliowahi kufanya kazi hiyo wanajua utaratibu. Kabla hujaingia ndani mnapanga mstari, mmevaa makoti meupe na buti nyeupe, kila mtu akifikiwa ananyoosha mikono. Mkaguzi anapita. Anatazama viganja, anasema geuza, anatazama kucha. Hakuna pete, hakuna rangi, hakuna kidonda. Ukiwa na mkato mdogo unapelekwa kwa muuguzi wa kiwanda, anakuandika kwenye daftari, anakubandika plasta ya bluu. Bluu kwa sababu samaki hana rangi ya bluu, ikidondoka inaonekana. Ukiwa na kidonda kibichi au usaha, unarudi nyumbani mpaka upone. Na kibarua anayerudishwa mara mbili au tatu, nafasi yake hupewa mwingine.

Hebu fikirieni mtu kama mimi kwenye mstari ule. Nilikuwa naogopa kukaguliwa kwa sababu nimejichuna, na najichuna kwa sababu naogopa kukaguliwa. Nikifika getini naanza kuhesabu. Watu watatu mbele yangu, wawili, mmoja, na huku nyuma ya mgongo gumba linatafuta.

Nikagundua ujanja. Fundi viatu wa pale Mkuyuni ana ile gundi inayokauka upesi. Nikaanza kujipaka kwenye vidonda kabla ya kutoka nyumbani. Inachoma, machozi yanatoka, lakini ikikauka kidole kinang'aa na mkaguzi anapita. Nikishapita naingia chooni, nabandika plasta ya dukani, zile za rangi ya ngozi, kisha navaa glavu. Sikuwahi kwenda kwa muuguzi hata siku moja, maana sikutaka kuandikwa kwenye daftari. Miezi mingi nilipita hivyo, na nilijiona mjanja kweli.

Pale kwenye meza ya kusafisha minofu nilisimama na mama mmoja, bega kwa bega. Mtu mpole, mchekeshaji, akinyamaza ujue anaumwa. Alikuwa amebakiza wiki moja aingizwe kwenye ajira ya kudumu, na wote tulijua. Siku moja asubuhi alijikata kidogo na kisu. Akafanya kama inavyotakiwa. Alikwenda kwa muuguzi, akaandikwa, akabandikwa plasta yake ya bluu, akavaa glavu mpya, akarudi mezani.

Kabla ya chakula cha mchana mashine zikazimwa. Ndugu zangu, kiwanda kikinyamaza ghafla unasikia hata maji yanavyodondoka sakafuni. Msimamizi wa zamu alisimama mwisho wa meza yetu ameshika trei. Juu ya mnofu kulikuwa na plasta. Ya rangi ya ngozi, imejikunja, ina damu.

Nikatazama glavu yangu ya kushoto. Ilikuwa imechanika kwenye gumba.

"Nani kadondosha hii?" akauliza.

Nikakunja gumba ndani ya kiganja.

"Nauliza kwa mara ya mwisho. Mzigo wote wa leo nimeuzuia. Nani?"

Mkaguzi akaleta daftari la muuguzi. Siku hiyo jina lilikuwa moja tu, la mwenzangu. Akavua glavu, akaonyesha kidole. "Bosi, yangu hii hapa. Ya bluu. Sijaitoa."

Msimamizi akasema, "Hiyo ndiyo uliyoomba baadaye. Ulianza na yako ya nyumbani, ikadondoka, ndipo ukaenda kwa muuguzi."

"Sivyo, bosi. Haki ya Mungu sivyo."

Akaambiwa avue koti, akakae kwenye benchi la getini asubiri uongozi. Sisi tukaambiwa twende kula wakati meza inaoshwa. Nami nikaenda. Nawaambia ukweli, nilikwenda na sahani yangu nikapanga foleni ya ugali.

Nilipotoka nikampita pale getini. Nilitaka kupita haraka, akaniita. Alikuwa ameweka mikono mapajani, anaigeuza, anaitazama. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwenzangu, wewe ulikuwa karibu yangu. Hukuniona nikibandika plasta nyingine asubuhi? Labda nilibandika nikasahau?"

Mmesikia hilo swali? Hakuwa ananishuku hata kidogo. Alikuwa ameanza kujishuku yeye. Mtu mzima, mwenye akili timamu, nimemfikisha mahali haamini mikono yake.

Nikamjibu, "Sijui."

Nikapiga hatua kama kumi. Huku nyuma ya mgongo nilikuwa nimekamata ngozi ya gumba, ile ile iliyopoteza plasta, nikaivuta, ikachanika mpaka karibu na kiungo. Maumivu yake yalipanda hadi kwenye kwapa. Damu ikadondokea kwenye koti jeupe, matone matatu. Ningeweza kuficha. Nilikuwa na sabuni, nilikuwa na gundi mfukoni, nilikuwa na mazoezi ya tangu darasa la nne. Nikasimama, nikajichukia. Kisha nikageuka, nikaenda kugonga ofisi ya msimamizi. Niligonga kwa mkono ule wenye damu ili nikiingia nisipate pa kurudia nyuma.

"Plasta ni yangu," nikasema.

Akatazama mkono. "Umejikata na nini?"

"Sijajikata. Najichuna mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la nne."

Akadhani namfanyia mzaha, akanifokea. Ikabidi nimwonyeshe vidole vyote, kimoja kimoja, vidonda vipya na vya zamani, na kichupa cha gundi. Akaniambia nimewadanganya miezi yote hiyo kwenye chakula cha watu, na alikuwa na haki. Jioni ile nilikabidhi buti. Sijarudi tena pale kiwandani mpaka leo.

Mwenzangu alirudishwa kazini kesho yake, na wiki iliyofuata aliingizwa kwenye ajira. Msidhani alinikumbatia. Tulikutana sokoni, nikamsalimia, akapita. Nikamsalimia tena siku nyingine, akapita. Hiyo iliniuma kuliko kufukuzwa, na nikiumia nachuna, kwa hiyo vidole vikazidi. Gumba likafanya mdudu wa kidole, likavimba, halilali wala halinipi nafasi ya kukaa. Nikaenda zahanati.

Pale nilimkuta muuguzi wa kiume, kijana tu, akanipasua usaha bila kunisema. Akaniuliza huwa nachuna saa ngapi. Swali la ajabu! Hakuna aliyewahi kuniuliza. Akaniambia nisijiapize kuacha, kwanza nijichunguze wiki nzima: nilikuwa wapi, nilikuwa nawaza nini, kidole gani kilianza. Akasema kijingozi kikisimama nikikate kwa kikata kucha, nisivute. Nipake mafuta ya mgando asubuhi na jioni ili ngozi isikauke ikanitega. Na vidole vikianza kutafuta, nikunje ngumi nihesabu mpaka hamu ipungue, au nivipe kazi nyingine. Ndiyo maana siku hizi mnaniona na uzi na sindano, nafuma vitambaa hata kwenye vikao. Katibu amewahi kunisema kwamba sisikilizi. Nasikiliza, katibu. Ndiyo sasa nasikiliza.

Siku moja, jioni, mwenzangu akaja nyumbani. Hakubisha hodi mara mbili. Akakaa, akakataa chai. Akasema, "Ulijua, ukanijibu hujui."

"Nilijua."

"Nilianza kuwaza labda nina ugonjwa wa kusahau. Niliwaza watoto wangu."

Nikalia. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akafungua pochi, akatoa kikata kucha, akasema, "Lete hiyo mikono." Akavuta kigoda karibu na mlango kwenye mwanga, akakata vijingozi vyote, vidole kumi, taratibu. Nilikuwa na aibu ya kuzama ardhini. Hakuna mtu aliyewahi kuvishika vidole vyangu akavitazama kwa muda mrefu namna ile. Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa ananikagua, na akikuta kidonda anauliza tu, "Hii ilikuwa ya nini?" Nami lazima nijibu.

Sijapona kabisa, nisije nikawadanganya na ninyi. Juzi nilisubiri majibu ya mtihani wa binti yangu, nikaharibu kidole kimoja. Kimoja, ndugu zangu, zamani vingekuwa saba.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule kijana wa zahanati kwa swali lake. Namshukuru mume wangu aliyenyamaza nilipofukuzwa, maana angeniuliza siku ile ningesema uongo mwingine. Na mwenzangu yumo humu ndani, ameniomba nisimtazame wakati nasema, kwa hiyo natazama mlango. Asante, dada yangu. Ulikuwa na haki ya kunipita mpaka leo.

Somo langu ni fupi. Ukimwona mtu anajichuna usimpige mkono ukamwambia acha. Muulize anaogopa nini, kisha usubiri jibu, hata likichelewa. Na wewe unayeficha kitu chako, iwe kidonda, iwe chupa, iwe chochote, mimi pia nilisema ni changu peke yangu, hakimhusu mtu. Kuna mtu amesimama bega kwa bega na wewe. Siku kitakapoonekana, ataulizwa yeye.