Helikopta Iliyokosa Jiwe

Mokua alikuwa anaendesha gari lake la abiria, Probox, kutoka Daraja Mbili kwenda Nyaramba, huku abiria wake wawili, wasiojuana kabisa, wakigombania sayari nyingine.

"Helikopta ndogo, haina hata rubani, imevunjika bawa huko Mirihi," alicheka mzee wa kofia aliyekaa mbele. "Si wangeirusha kwa tambarare, waachane na mawe?"

"Tambarare ndiyo iliivunja!" alifoka mama wa kiti cha nyuma, mkongojo mapajani. "Nilisikia kwa redio. Inaangalia mawe chini ndiyo ijue inaenda wapi. Ikafika kwa mchanga mtupu, ikakosa jiwe. Mimi pia ukungu ulinifunikia mistari ya michai shambani hivyo hivyo, nikakosa njia, nikaanguka, nikavunjika mguu."

"Basi mama, mtu akianguka si atulie nyumbani?"

Mokua alinyoosha mkono apunguze sauti ya redio ya gari, akakumbuka iliharibika mwaka jana.

"Kabla ya kuvunjika iliruka mara nyingi kuliko walivyotarajia, mzee," mama alisema. "Wewe je, umewahi kuanguka ukienda wapi?"

Gari lilisimama. Mama alikataa mkono wa Mokua wa kumsaidia, akashuka mwenyewe na mkongojo wake, akashika njia ya mteremkoni kupitia shamba la chai. Ukungu ulikuwa umeshaifunika chai yote.