Kaloline Vaipuna, Sauti ya Simu ya Neiafu

Mchungaji, wazee wetu, ndugu na jamaa, kwa niaba ya familia nawaeleza maisha ya dada yetu Kaloline, aliyezaliwa tarehe 12 Juni 1951 hapa Neiafu, mtoto wa tatu wa mzee Semisi na mama 'Ofa, akiwa na mguu uliokwisha kuvunjika na weupe wa macho wenye rangi ya buluu, dalili za maradhi ya mifupa kuvunjika upesi, ambayo hayakumwacha kamwe.

Alikwenda shule akibebwa mgongoni na kaka zake, akamaliza sekondari Nuku'alofa mwaka 1969, na Februari 1971 akaajiriwa ofisi ya simu ya Neiafu kuwaunganisha wapigaji, kazi aliyoipenda kwa kuwa ilitaka masikio, si miguu. Tarehe 8 Mei 1976 alifunga ndoa na Maikolo, mwoka mikate, wakajaliwa binti mmoja, Lupe, aliyerithi mifupa ya mama yake.

Mwaka 1983 masikio yalianza kufifia, kwani kijifupa kilichomo ndani, kidogo kuliko vyote mwilini, kilikuwa kimekwama, akawa anaunganisha watu wasiotafutana, hata akaiacha kazi. Madaktari wawili walikataa kumpasua, wakihofia angebaki kiziwi kabisa, naye Maikolo akamsihi, "Mke wangu, acha tu, nitapiga kelele mpaka tuzeeke," akajibiwa, "Kelele zako nimezizoea, nataka kukusikia ukinong'ona."

Agosti 1985, huko Auckland, Daktari Pellew alikubali, akatia ganzi sikio la kulia, akaweka kijiti chembamba mno badala ya kijifupa kile, mgonjwa akiwa macho, na alipopaza sauti, "Mama, unanisikia?" Kaloline alisema, "Punguza sauti, daktari, mimi si kiziwi." Alirudi kazini, akahudumu hadi mwaka 1999.

Sikio la kushoto, lililopasuliwa mwaka 1988, lilizimika moja kwa moja, wala hakumlaumu mtu. Lupe alipoanza kutosikia, mwaka 2009, aliogopa kisu, mama yake akamwambia, "Mwanangu, umeliuliza sikio langu bovu tu, liulize na hili zima," ndipo akakubali, na leo yuko hapa mbele, anasikia kila neno ninalosoma.

Dada alishikwa na nimonia Agosti 2019, akatutoka nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 3 Septemba, mkono wake ukiwa mkononi mwa Maikolo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia na kututandikia mikeka, na wenzake wa ofisi ya simu. Dada Kaloline, umetuunganisha vyema, sasa pumzika kwa amani ya Bwana.